Kuchagua Uwekezaji wa Pensheni Binafsi Ukikaribia Kustaafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliyebakiza miaka 15 au pungufu kabla ya kuanza kutumia pensheni yake binafsi. Kodi, umri wa kuruhusiwa kutoa pesa na kiwango cha mkupuo (pesa zinazochukuliwa kwa mara moja) hutegemea sheria za nchi, hivyo ulizia vitu hivyo kwa mtoa huduma wako. Hapa tunashughulika na uwekezaji wenyewe. Hesabu za mfano hazina sarafu. Weka ya kwako.

## Mambo ya msingi

Nitajuaje kama uchaguzi wa uwekezaji unanihusu?

Fungua taarifa ya karibuni ya akaunti yako. Ikiwa pensheni inakokotolewa kwa mshahara na miaka ya utumishi, soko likianguka mzigo ni wa mfuko au wa mwajiri, nawe huna cha kuchagua. Ikiwa taarifa inaonyesha salio, idadi ya vipande (sehemu za mfuko unazomiliki) na bei ya kipande, faida na hasara zote ni zako.

Wengi wana zote mbili, na hao wana nafasi nzuri kuliko wanavyodhani. Pensheni ya uhakika inayolipia chakula, pango na matibabu inafanya kazi ambayo hatifungani (mikopo unayoipa serikali au kampuni ili ikulipe riba) zingefanya. Akiba binafsi inaweza basi kubaki na hisa nyingi zaidi bila kuhatarisha maisha ya kila siku.

Uwekezaji wangu umenifaa miaka yote. Kwa nini niubadilishe sasa?

Kwa sababu ukianza kutoa pesa, mpangilio wa miaka mizuri na mibaya unapata uzito ambao haukuwa nao ulipokuwa unachangia. Chukua akiba ya milioni 100. Soko linashuka asilimia 20, mwaka unaofuata linashuka 10, kisha linapanda 25, halafu 20. Asiyetoa kitu anaishia na milioni 108. Geuza mpangilio, miaka mizuri itangulie: bado anaishia na milioni 108.

Sasa toa milioni 5 mwanzoni mwa kila mwaka. Miaka mibaya ikitangulia, mwisho wa mwaka wa 4 zimebaki milioni 82.35. Miaka mizuri ikitangulia, zimebaki 90.5. Soko ni lile lile na matumizi ni yale yale, lakini tofauti imepita milioni 8, yaani matumizi ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Bei ikiwa chini, unalazimika kuuza vipande vingi zaidi ili upate milioni 5 zile zile, na kipande kilichouzwa hakipo tena bei inapopanda. Ndiyo maana miaka michache kabla na baada ya kuanza kutoa ni ya kuangaliwa kwa makini kuliko mingine yote: akiba iko katika ukubwa wake wa juu, na michango mipya ya kununua kwa bei ya chini inakoma.

Si afadhali nihamishie kila kitu kwenye fedha taslimu, nilale usingizi?

Kwa pesa utakazotumia ndani ya miaka 2 au 3, ndiyo. Kwa zilizobaki, hapana. Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata takriban miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Mfumuko ukiwa asilimia 6, ni miaka 12. Ukiwa 4, ni miaka 18. Anayestaafu akiwa na miaka 60 na kuishi hadi 88 anaweza kuona bei zikiongezeka maradufu zaidi ya mara moja. Riba ya akaunti ya kawaida mara nyingi haifikii mfumuko, na hasara hiyo haionekani kwenye taarifa kwa sababu salio halipungui. Ndiyo inayowapata watu wenye tahadhari nyingi.

Niamue nini kabla sijagusa mfuko wowote?

Amua utazichukua vipi pesa zako. Uamuzi huu ndio unaobeba mengine yote, na ndio unaorukwa mara nyingi zaidi. Njia kuu ni tatu.

Mkupuo: unachukua kiasi chote, au sehemu, kwa mara moja. Pesa za mkupuo ambao umeshaupangia kazi, kama kulipa deni, zinapaswa kuwa kwenye fedha taslimu au dhamana za serikali za muda mfupi angalau mwaka mmoja au miwili kabla.

Anuiti: unaikabidhi kampuni ya bima akiba yako, nayo inakulipa kila mwezi hadi kufa. Bei ya anuiti hufuata riba za muda mrefu. Anayelenga hapa hujikinga kwa hatifungani za muda mrefu, kwa sababu riba zikishuka anuiti inakuwa ghali, lakini wakati huo huo hatifungani zake zinapanda bei.

Kutoa kidogo kidogo: akiba inabaki imewekezwa nawe unachota kila mwezi au kila mwaka. Hapa hisa haziondoki, maana pesa za mwisho zitatumika miaka 20 au 30 baadaye.

Unaweza kuchanganya, na kwa walio wengi mchanganyiko ni busara. Muhimu ni kila fungu liwekezwe kwa njia yake na kwa tarehe yake. Kosa ni kuitendea akiba yote kama itatumika siku moja, siku ya kuagwa kazini.

Mfuko wangu unapunguza hisa wenyewe kadiri umri unavyokwenda. Si inatosha?

Inatosha ikiwa mambo mawili yako sawa.

La kwanza ni tarehe. Mfuko wa aina hii hujiongoza kwa mwaka wa kustaafu ulioandikwa kwenye akaunti, na mara nyingi mwaka huo uliwekwa na mfumo ulipojiunga. Ikiwa umeandikiwa miaka 60 nawe utastaafu ukiwa na 67, hisa zako zitapunguzwa miaka 7 kabla ya wakati. Kurekebisha tarehe kwa kawaida ni fomu moja tu.

La pili ni mwisho wa safari. Mifuko mingine imepangwa kuishia kwenye hatifungani za muda mrefu kwa ajili ya anuiti, mingine kwenye fedha taslimu kwa ajili ya mkupuo, mingine kwenye mchanganyiko wa kutolea kidogo kidogo. Mwaka 2022 riba zilipanda kwa kasi na hatifungani za muda mrefu zikaporomoka. Aliyekuwa ananunua anuiti aliumia kidogo tu, kwa sababu anuiti nayo ilishuka bei. Aliyekuwa kwenye mfuko huo huo huku akitaka kutoa kidogo kidogo alipata hasara bila fidia yoyote. Muulize mtoa huduma swali moja: "Mfuko huu unadhani nitachukua pesa zangu kwa njia gani?"

## Hisa, hatifungani na ada

Niweke asilimia ngapi kwenye hisa?

Kanuni ya kutoa umri wako kwenye 100 ni rahisi kukumbuka, ila haijui kama una pensheni nyingine, wala haijui utatoa kiasi gani. Ni bora kuanzia kwenye matumizi.

Tuseme utahitaji milioni 12 kwa mwaka, na pensheni ya uhakika italeta 7. Pengo ni milioni 5, na akiba yako ni milioni 100. Weka pengo la miaka 3, milioni 15, kwenye fedha taslimu na dhamana za muda mfupi. Weka pengo la miaka 5 inayofuata, milioni 25, kwenye hatifungani zinazoiva, yaani zinazorudisha mtaji, katika miaka hiyo. Milioni 60 zilizobaki hazitalazimika kuguswa kwa miaka 8, hivyo zinaweza kukaa kwenye hisa. Umepata asilimia 60 ya hisa kwa sababu inayoeleweka.

Pengo likiwa milioni 8, hesabu ile ile inaacha 36 tu za hisa. Kutoa asilimia 8 kwa mwaka ni kuimaliza akiba mapema: ikiwa faida inatosha tu kufidia mfumuko wa bei, milioni 100 zitakwisha katika miaka 12 na nusu. Ukifika hapo, tatizo si mgao wa uwekezaji. Dawa ni kuchelewa kustaafu, kuongeza michango au kupunguza matumizi, na hakuna mfuko utakaofanya kazi hiyo badala yako.

Kisha jipime moyo. Hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani zilishuka takriban asilimia 37 mwaka 2008, hata baada ya kuhesabu gawio. Milioni 60 zingekuwa chini ya 38. Kama ungeuza siku hiyo, asilimia 60 ni nyingi kwako, hata kama hesabu inaziruhusu.

Hatifungani si ndizo salama?

Inategemea zinaiva lini na wewe unahitaji pesa lini. Riba zikipanda, hatifungani za zamani zinazolipa riba ndogo hushuka bei, na zenye muda mrefu hushuka zaidi. Waraka wa mfuko huonyesha kipimo cha muda wa wastani, kwa miaka. Kikiwa 7, riba zikipanda kwa pointi 1 ya asilimia bei ya mfuko inashuka takriban asilimia 7. Kikiwa 2, inashuka takriban 2.

Mwaka 2022 watu wengi walishtuka kwa sababu hatifungani na hisa zilianguka pamoja: hisa za kampuni 500 za Marekani takriban asilimia 18, na soko pana la hatifungani za nchi hiyo takriban 13. Kinga iliyofanya kazi mwaka ule ilikuwa muda mfupi. Kwa hiyo ukitaka pesa baada ya miaka 3, usikae kwenye mfuko wenye muda wa wastani wa miaka 12 kwa sababu tu jina lake lina neno "serikali".

Hatifungani uliyoinunua mwenyewe na kuishika hadi iive hurudisha mtaji wote mtoaji wake asiposhindwa kulipa, hata bei ikiyumba katikati. Mfuko wa hatifungani hauivi, kwani meneja anauza na kununua kila mara. Jihadhari pia na hatifungani za kampuni dhaifu zinazolipa riba ya juu. Uchumi ukitetereka zinaanguka pamoja na hisa, wakati ule ule unapozihitaji zisimame.

Kwa nini nisiweke hisa zote za nchi moja ninayoifahamu?

Fahirisi ya Nikkei, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Japani, ilifikia kilele Desemba 1989 na haikukipita tena hadi Februari 2024. Huo ni muda mrefu kuliko ustaafu wa watu wengi. Tawanya hisa katika nchi na sekta nyingi; mfuko unaofuata fahirisi ya dunia hufanya hivyo kwa ada ndogo.

Ada ina uzito gani kwa mtu aliyebakiza miaka michache?

Bado ni mkubwa, kwa sababu utaendelea kulipa hata baada ya kustaafu. Milioni 100 zinazokua kwa asilimia 6 kabla ya ada, zikikaa miaka 20 bila kuguswa, zinafika milioni 291.8 ukilipa ada ya 0.5 kwa mwaka. Ukilipa 1.5 zinafika 241.2. Angalia ada zote: ya mfuko, ya akaunti, ya mshauri, ya kuingia na ya kutoka. Kwenye fedha taslimu ada inauma zaidi kwa uwiano, maana ikiwa mfuko unapata 3 na ada ni 1, theluthi ya mapato imeondoka.

Majina kama "wa tahadhari" au "wa mizania" yanamaanisha nini?

Machache sana. Mifuko miwili yenye jina linalofanana inaweza kuwa na hisa asilimia 20 na asilimia 60. Soma jedwali la mgao, si jina. Linganisha pia uwekezaji 10 mkubwa wa kila mfuko wako, kwani kuwa na mifuko minne inayoshika kampuni zile zile si kutawanya.

## Kubadilisha mgao

Nianze lini, na kwa kasi gani?

Miaka 10 kabla ya kuanza kutoa ni mwanzo mzuri, na miaka 5 bado si kuchelewa. Ukitoka hisa asilimia 80 kwenda 50 kwa miaka 10, punguza pointi 3 kila mwaka, mwezi ule ule, soko likiwa juu au chini. Kasi ya kudumu inakuondolea kazi ya kubahatisha siku nzuri. Kama michango yako bado ni mikubwa, ielekeze kwenye hatifungani na fedha taslimu. Unaweza kufika unakotaka bila kuuza hisa nyingi.

Nifuate hatua gani kubadilisha mifuko?

1. Pata taarifa mpya na uandike mgao wa jumla wa akaunti zako zote: hisa, hatifungani, fedha taslimu, mengine.
2. Linganisha na mgao unaoutaka (tazama swali la asilimia za hisa).
3. Uliza kama kuhama kuna ada, kodi au muda wa kungoja.
4. Toa maagizo mawili: moja la vipande ulivyo navyo, jingine la michango ijayo. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu anahamisha salio, kisha michango inaendelea kununua mfuko wa zamani miaka na miaka.
5. Baada ya wiki 2 au 3, fungua akaunti uhakikishe yote mawili yametekelezwa.

Kwa kawaida agizo hutekelezwa kwa bei ya siku inayofuata, na wakati mwingine pesa hukaa siku kadhaa nje ya soko. Hiyo ni sababu nyingine ya kuhama kidogo kidogo.

Soko limeanguka nikiwa nimebakiza mwaka mmoja. Nifanye nini?

Kwanza pima ukubwa wa tatizo. Iliyoshuka asilimia 20 inahitaji kupanda 25 ili irudi ilipokuwa; iliyoshuka 50 inahitaji 100. Kisha jiulize ni kiasi gani cha akiba unakihitaji kweli mwaka ujao. Mara nyingi ni sehemu ndogo, na kama tayari ipo kwenye fedha taslimu, huna haja ya kuuza hisa hata moja.

Kama haipo, una njia tatu, na kila moja ina gharama: kuchelewa kuanza kutoa, kufanya kazi nusu muda ili utoe kidogo, au kuuza hisa za matumizi ya mwaka mmoja tu na kuziacha zilizobaki. Tunashauri sana usiuze zote kwa hofu. Anayetoka lazima aamue tena siku ya kurudi, na wengi hurudi bei ikiwa imeshapanda.

Mgao nikiuacha unahama wenyewe. Niusawazishe kila baada ya muda gani?

Mara moja kwa mwaka, au pale sehemu yoyote inapopita lengo kwa zaidi ya pointi 5. Zaidi ya hapo unalipa ada bila faida.

## Baada ya kuanza kutoa

Naweza kutoa kiasi gani kila mwaka bila akiba kuisha?

Kigezo kinachotajwa sana ni asilimia 4. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alionyesha kwamba anayetoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha kuongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, asingeishiwa ndani ya miaka 30 katika historia aliyoipima, akiwa na hisa kati ya asilimia 50 na 75. Alitumia takwimu za Marekani pekee, tena bila kuhesabu ada. Kwenye ada kubwa au ustaafu wa miaka 40, anza chini ya hapo. Na uwe tayari kutoongeza kiasi unachotoa mwaka ambao soko limeanguka. Hatua hiyo ndogo husaidia sana.

Nianze kutoa kwenye fungu lipi?

Kwenye fedha taslimu. Mwaka ambao hisa zimepanda, uza kidogo ujaze fungu hilo hadi lirudi kwenye miaka 3. Mwaka ambao zimeshuka, usijaze kwa hisa: tumia hatifungani zinazoiva. Kosa la kawaida ni kusahau kujaza wakati wa neema, hadi mtu anafika kwenye mporomoko akiwa na fedha taslimu za miezi 4.

## Hali za pekee

Sehemu kubwa ya akiba yangu ni hisa za mwajiri wangu.

Zipunguze mapema kuliko kitu kingine chochote. Kampuni ikifilisika unapoteza mshahara na akiba kwa pigo moja. Lengo la kuridhisha ni zisizidi asilimia 5, na uliza kama kuna kipindi ambacho huruhusiwi kuuza.

Mfuko wangu umewekeza kwenye majengo. Upo ubaya?

Mapato yake yanaweza kuwa mazuri, lakini jengo haliuzwi kwa siku moja. Wateja wengi wakitaka kutoka kwa pamoja, mfuko unaweza kusimamisha malipo kwa miezi kadhaa. Usiweke humo pesa utakazohitaji ndani ya miaka 5.

Akiba yangu ni ndogo sana. Mafungu yote haya yananihusu?

Hapana. Ikiwa utachukua yote kama mkupuo, ihamishie kwenye fedha taslimu ndani ya miaka 3 ya mwisho. Kama inatakiwa kudumu, mfuko mmoja mchanganyiko wenye ada ndogo unatosha, pamoja na akiba ya mwaka mmoja pembeni.

Nitastaafu kwenye nchi nyingine, au nitatumia sarafu nyingine.

Fedha taslimu na hatifungani za miaka ya karibuni ziwe kwenye sarafu utakayotumia dukani. Hisa za dunia zinaweza kubaki kwenye sarafu mbalimbali, kwa kuwa muda ni mrefu. Anza kubadilisha miaka michache kabla, kidogo kidogo, usije ukategemea kiwango cha siku moja.

Afya yangu si nzuri, na mwenza wangu ni mdogo kwangu.

Upeo wa hesabu ni uhai wa yule atakayeishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo hisa zisiondolewe kwa kuangalia afya yako tu. Ukinunua anuiti, taja magonjwa yako yote, kwani kampuni nyingine hulipa zaidi kwa mwenye ugonjwa mzito, na omba bei ya ile inayoendelea kumlipa mwenza. Kagua pia fomu ya wanufaika. Aliyeandikwa miaka 20 iliyopita huenda si unayemkusudia leo.

Nina akaunti tano za zamani. Niziunganishe?

Mara nyingi ndiyo: ada zinapungua na mgao unaonekana wote mahali pamoja. Lakini kabla ya kusaini, omba kila mtoa huduma akujibu kwa maandishi mambo matatu: je, kuna riba iliyodhaminiwa, kuna kiwango cha anuiti kilichoahidiwa, na kuna makato ya kutoka kabla ya tarehe fulani? Mikataba ya zamani wakati mwingine ina dhamana ambazo haziuzwi tena leo, na ukihamisha zinakufa siku hiyo hiyo. Ikiwa makato ya kutoka yanaisha baada ya miezi 8, ngoja miezi 8. Na iwapo anayekushawishi kuhamisha amekupigia simu bila kuombwa, anaahidi faida ya uhakika na anataka usaini wiki hii, usihamishe chochote hadi uthibitishe leseni yake kwa msimamizi wa sekta, ukitumia namba uliyoitafuta mwenyewe.